Jinsi ya kupima hadithi za panga za China ya kale: upi ulikuwepo, upi ni simulizi

Mtu akikuuliza kama upanga wa Yuchang au wa Zhanlu ulikuwepo kweli, usimjibu ndiyo wala hapana kabla hujalivunja swali lake vipande vinne. Mfalme anayetajwa aliishi? Mafundi wa nchi ile, wakati ule, waliweza kutengeneza silaha ya namna inayosimuliwa? Kuna upanga uliochimbwa ardhini unaomhusu mfalme huyo? Na la mwisho: jina la upanga wenyewe lina ushahidi wowote nje ya vitabu? Majibu manne hayo yanaweza kupishana kabisa. Mabishano mengi juu ya jambo hili huanza pale mtu anapoichukua ndiyo ya swali la kwanza akaibandika kwenye la nne.

Hapa tutashughulika zaidi na Wu na Yue, falme mbili jirani za mashariki mwa China, karne ya 6 na ya 5 KK. Huko ndiko hadithi nyingi zinakotoka, na ndiko ushahidi ulikojaa. Upanga unaohusika ni jian: umenyooka, una makali pande zote mbili, na uti umepita katikati ya bapa. Ukiona picha ya upanga uliopinda, wenye makali upande mmoja, ikiwa na maelezo kwamba ni wa mfalme wa Yue, huna haja ya kuendelea kusoma.

Hatua ya 1: Pangilia vitabu kwa umri

Chukua daftari uchore safu tatu: tukio lilitokea lini, kitabu kiliandikwa lini, na kitabu kinasema nini hasa. Tuanze na Yuchang, jina lenye maana ya utumbo wa samaki.

Tukio ni la mwaka 515 KK. Mwanamfalme Guang wa Wu alimwalika Mfalme Liao karamuni. Mtu aitwaye Zhuan Zhu akaandaa samaki mezani, silaha imefichwa ndani ya samaki, akamuua mfalme palepale, naye akauawa na walinzi. Guang akatwaa kiti na kutawala kwa jina la Helü.

Sasa jaza safu ya pili na ya tatu. Zuo Zhuan, kitabu cha historia kilichokusanywa karne ya 4 KK, kinasema upanga uliwekwa ndani ya samaki. Jina la upanga halimo. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika kitabu chake Shiji karibu mwaka 100 KK, anasema kilikuwa kisu kifupi kilichotiwa tumboni mwa samaki wa kuchoma, jina halimo. Huainanzi, kitabu cha karne ya 2 KK, kinataja Yuchang pamoja na Chunjun, lakini kama mfano tu wa panga nzuri: zikitoka kwenye kalibu hazikati wala hazichomi, mpaka zinolewe. Samaki na mauaji hawamo. Jina na tukio vinakutanishwa kwenye Yue Jue Shu na Wu Yue Chunqiu, vitabu vya karne ya 1 BK, zaidi ya miaka 500 baada ya damu kumwagika.

Safu zako tatu zimeshakupa jibu ambalo kurasa nyingi za intaneti hazinalo. Mauaji yana mashahidi wazuri. Silaha ndani ya samaki ina mashahidi wazuri. Jina la Yuchang ni la kale pia, ila lilikuwa likitembea peke yake kabla ya kuunganishwa na mauaji. Pima na samaki mwenyewe: jian kamili ya zama hizo ina urefu wa sentimita 50 na ushee, na haifichiki ndani ya samaki anayeandaliwa mezani. Kisu kifupi cha Sima Qian kinafichika.

Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanainukuu Yue Jue Shu kana kwamba mwandishi wake alikuwepo karamuni.

Safu hizo hizo zitakuonyesha migongano. Yue Jue Shu inasema fundi Ou Yezi alimtengenezea mfalme wa Yue panga tano: Zhanlu, Chunjun, Shengxie, Yuchang na Juque. Lakini Xunzi, kitabu cha karne ya 3 KK, kinaihesabu Juque miongoni mwa panga za Helü, mfalme wa Wu, adui wa Yue. Kitabu kikongwe kimempa huyu, kitabu kipya kimempa yule. Ukikuta hivyo, usichague unachokipenda; andika kwamba mwenye upanga hajulikani kwa hakika.

Gan Jiang na Mo Ye wanahitaji uangalifu zaidi. Hadithi inayopendwa ni ya mume na mke wahunzi. Madini yanagoma kuyeyuka, mke anakata nywele na kucha zake na kuzitupa tanurini, wavulana na wasichana 300 wanavuta mivukuto, na panga mbili zinazaliwa. Lakini kwenye Zhuangzi na Xunzi, vilivyotangulia, Mo Ye ni jina la upanga. Yule mke anaingia kwenye vitabu vya zama za Han (206 KK hadi 220 BK). Kwa maoni yetu, upanga ndio uliozaa mhunzi: jina lilikuwa limeshavuma, na watu wakataka kujua ni la nani.

Hatua ya 2: Linganisha chuma, shaba na urefu na zama

Usiitupe hadithi kwa sababu ina maajabu. Ichambue, uchote madini. Yue Jue Shu inaposimulia kuzaliwa kwa Chunjun, inasema mlima ulipasuka ukatoa bati, kijito kikakauka kikatoa shaba, bwana wa mvua akanyunyiza maji, mungu wa radi akapiga mivukuto na majoka yakashika tanuri. Ondoa majoka. Kilichobaki ni shaba na bati, na hizo ndizo zinazofanya bronzi, madini ya panga za Yue zilizochimbwa. Kitabu hicho hicho, kikifika kwenye panga tatu za mfalme wa Chu, dola kubwa iliyokuwa magharibi ya Wu na Yue (Longyuan, Tai'a na Gongbu), kinasema zilitengenezwa kwa chuma. Msimulizi alijua tofauti.

Vipimo vya kukariri ni hivi. Upanga wa Goujian, mfalme wa Yue, ambao tutaufikia, una shaba asilimia 80 hadi 83 na bati asilimia 16 hadi 17, na kiasi kidogo cha risasi na chuma. Bati huifanya shaba iwe ngumu, na huishusha pia joto la kuyeyukia: shaba tupu inayeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, mchanganyiko huu unayeyuka chini ya 1000. Ukizidisha bati kupita asilimia 20 hivi, makali yanakuwa mazuri lakini upanga unavunjika kama sahani ukigongwa. Ukipunguza mpaka 10, unapinda bila kuvunjika, ila makali hayadumu. Mafundi wa zama hizo walilitatua hilo kwa njia ya ajabu: kwa baadhi ya panga walimimina kwanza uti wenye bati kidogo, karibu asilimia 10, kisha wakamimina makali yenye bati nyingi pembeni yake, yakaukumbatia uti. Ukiukata upanga wa namna hiyo katikati unaona rangi mbili.

Zingatia kwamba kazi hii ni ya kumimina kwenye kalibu za udongo, si ya kufua kwa nyundo. Filamu inayoonyesha mhunzi akigonga upanga wa Goujian juu ya fuawe huku cheche zikiruka inaonyesha kazi ya chuma, na upanga ule si wa chuma.

Je, chuma kilikuwepo? Kilikuwepo. Kwenye makaburi ya dola ya Guo huko Sanmenxia, mkoa wa Henan, kaburi lililochimbwa mwaka 1990 lilitoa upanga mfupi wa chuma wenye mpini wa jiwe la jedi, wa mwishoni mwa Zhou ya Magharibi, yaani zaidi ya miaka 200 kabla ya Goujian. Kwa hiyo panga za chuma za Chu haziwezi kukataliwa kwa hoja ya madini peke yake.

Urefu nao unasema. Jian za Wu na Yue kwa kawaida hazipiti sana sentimita 60. Panga za bronzi za mashimo ya jeshi la udongo la Qin, karne ya 3 KK, zinafika sentimita 81 hadi karibu 95. Panga za kupita mita moja kwa kawaida ni za chuma, na ni za baadaye, hasa za Han. Hadithi ikikupa upanga wa mita moja na nusu mkononi mwa mfalme wa Yue, msimulizi amechanganya zama.

Kwa kipimo hiki upanga wa Xuanyuan, unaodaiwa kuwa wa Mfalme wa Njano, unaanguka mara moja. Mapokeo yanamweka mfalme huyo karibu mwaka 2700 KK. Kitu cha bronzi cha kale zaidi kilichopatikana China, huko Linjia mkoani Gansu, ni cha karibu mwaka 3000 KK, nacho ni kisu cha sentimita 12.5 tu. Kutoka kisu hicho mpaka upanga wa vita kuna safari ya zaidi ya miaka 1500.

Hatua ya 3: Soma maandishi yaliyo kwenye bapa

Desemba 1965, wachimbaji wa akiolojia walikuwa wakifanya kazi kwenye njia ya mfereji wa umwagiliaji huko Jiangling, mkoa wa Hubei. Katika kaburi namba 1 la Wangshan, kando ya mifupa ya mwenye kaburi, palikuwa na ala ya mbao iliyopakwa vanishi nyeusi ya utomvu. Ndani yake upanga: urefu sentimita 55.6 hivi, upana 4.6, uzito gramu 875, na bado unakata.

Uangalie kwa karibu. Bapa lote, pande zote mbili, limefunikwa na nakshi nyeusi ya almasi zinazopandana. Kikingio cha mkono kimepambwa kwa kioo cha buluu upande mmoja na feruzi upande wa pili. Mpini ni mviringo, umevishwa pete mbili, na ulizungushiwa uzi wa hariri ili mkono usiteleze. Kitako cha mpini ni kisahani chenye duara 11, moja ndani ya nyingine, nyembamba mno na zimeachana kwa chini ya milimita moja. Kumimina kitu hicho kwa kalibu ya udongo ndicho kipimo halisi cha ufundi wa Yue, na kwa macho yetu kinapita kila radi na kila joka la hadithi.

Karibu na kikingio kuna herufi nane katika mistari miwili, kwa mwandiko wa mapambo ambao mikia yake imefanywa kama ndege. Sita zilisomeka mapema. Mbili, zenye jina la mfalme, ziliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya miezi miwili ya kuandikiana barua, mpaka Tang Lan, mtaalamu wa maandishi ya kale, alipozisoma kuwa Jiuqian, namna nyingine ya kuandika Goujian. Maandishi yote yanasema: Mfalme wa Yue, Goujian, alijitengenezea upanga huu kwa matumizi yake.

Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza: "alijitengenezea" haina maana kwamba mfalme alimimina shaba kwa mikono yake. Ni kauli ya kawaida ya aliyeagiza kazi. La pili ni kubwa zaidi: upanga una jina la mwenyewe, hauna jina lake wenyewe. Hakuna Chunjun hapo, hakuna Zhanlu. Na si huu tu. Panga zenye jina la Helü, zilizoandikwa Guang, zimepatikana Anhui na Shanxi. Kuna za Fuchai, mwanawe. Na Makumbusho ya Mkoa wa Zhejiang huko Hangzhou yana upanga wa mrithi wa Goujian. Zote zinafuata kauli ile ile: mfalme fulani, kwa matumizi yake. Kwa hiyo mtu akikuambia "Chunjun imepatikana, iko Wuhan", mwambie kilichopo Wuhan, kwenye Makumbusho ya Mkoa wa Hubei, ni upanga wa Goujian. Kuuita Chunjun ni nyongeza yake.

Ona pia jambo hili la kufurahisha. Guang aliyepanga mauaji ya samaki tunazo panga zake, jina lake limeandikwa juu yake. Silaha ya Zhuan Zhu hatuna.

Hatua ya 4: Uliza upanga ulipatikana wapi, na ulifikaje hapo

Kaburi la Wangshan ni la mtu mkubwa wa Chu, wa karne ya 4 KK, wala si la Goujian, aliyetawala 496 hadi 465 KK huko mashariki, mamia ya kilomita mbali. Wanaotaka kutilia shaka hushika hapo. Maelezo yanayokubalika ni mawili: zawadi, kwa kuwa binti wa Goujian aliolewa Chu, au ngawira, kwa kuwa Chu iliivunja Yue baadaye. Upanga wa mfalme husafiri. Mkuki wa Fuchai nao ulipatikana mwaka 1983 huko Mashan, Jiangling hiyo hiyo, kwenye kaburi la Chu. Kukuta vitu viwili vya wafalme mahasimu katika wilaya moja kunaeleweka ukijua Chu iliwameza wote.

Usipopewa kaburi, mwaka wa uchimbaji na namba ya kaburi, huna ushahidi. Una kitu cha mnadani. Hilo haliufanyi kuwa wa bandia moja kwa moja, maana huo wa Hangzhou ulirudishwa kutoka sokoni Hong Kong miaka ya 1990. Ila unahitaji vipimo vikali zaidi.

Kuna aina nyingine ya ushahidi: kitu kilichowahi kutunzwa ghalani. Upanga ambao Liu Bang, mwanzilishi wa Han, alimkatia nyoka mweupe njiani unatajwa na Shiji kwa ufupi, bila jina. Chixiao ni jina la baadaye. Lakini watawala wa Jin, waliotawala China mwishoni mwa karne ya 3 BK, walikuwa na upanga walioutunza kwa dai hilo, na historia ya Jin inasema uliungua ghala la silaha la Luoyang liliposhika moto mwaka 295 BK, pamoja na viatu vya Confucius na kichwa cha Wang Mang, aliyewahi kuinyang'anya Han kiti cha enzi. Andika hivi: upanga ulikuwepo ghalani mwaka 295, miaka 500 baada ya Liu Bang. Kwamba ulikuwa wake ni imani ya ikulu.

Longyuan inafuata njia yake. Historia hiyo hiyo inasimulia kwamba Longyuan na Tai'a zilichimbwa Fengcheng ndani ya sanduku la mawe, kisha zikageuka majoka majini. Chota kinachochoteka: jina limebaki kwa mji. Longyuan wa Zhejiang uliitwa Longquan zama za Tang (kuanzia karne ya 7 BK), kwa sababu "Yuan" lilikuwa jina la mfalme mwanzilishi na halikuruhusiwa kutamkwa. Wahunzi wa Longquan wanafua panga mpaka leo, na ufundi wao uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi mwaka 2006. Msomaji wa pwani yetu ameshakutana na mji huo bila kujua: vile vyombo vya kijani vya kauri vilivyochimbwa Gedi na Kilwa, vingi vilichomwa Longquan.

Mtego wa kutoshika kutu

Utasikia kwamba panga za Qin zilipakwa kromi miaka 2000 kabla ya Ulaya kugundua njia hiyo. Dai hili lilisomeshwa kwa miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kromi inaonekana zaidi kwenye vipande vilivyokaa karibu na mipini na sehemu zilizopakwa vanishi ya utomvu, na bapa zilizohifadhika vizuri mara nyingi hazina kromi. Ilitoka kwenye vanishi. Kilichosaidia ni udongo wa pale, wenye chembe ndogo na ualkali kidogo, pamoja na bati nyingi ndani ya bronzi.

Kwa Goujian, salfa ilionekana kwenye nakshi, watu wakatangaza "dawa ya kuzuia kutu". Angalia kwanza ala iliyobana na kaburi lililojaa maji, hewa haipiti. Na upanga hauko salama daima: mwaka 1994, ukiwa kwenye maonyesho Singapore, ulipata ufa wa milimita 7. Tangu 2013 hauruhusiwi kutoka China.

Ukiletewa upanga mkononi

Pima urefu na uzito kwanza. Nakala nyingi za Goujian zinatengenezwa na sentimita kadhaa zaidi na uzito wa kilo moja na kitu, kwa kuwa bapa limeachwa nene. Shika kioo cha kukuzia uangalie herufi: za kale zilitoka na kalibu, kwa hiyo mifereji yake ina kingo laini na ukoga uleule ulio pembeni. Kama zimechongwa baadaye, utaona mikwaruzo ya chombo na shaba mpya inayong'aa chini.

Kisha ukoga wa kijani. Sugua mahali padogo pasipoonekana kwa pamba yenye spiriti. Ukoga wa gundi na rangi unatoka, wa kweli hautoki kwa kuwa umekua kutoka ndani ya madini. Usitumie siki wala limau: ukiwa na upanga halisi umeuharibu. Mwisho peleka kwenye kipimo cha eksirei cha madini. Bati ikiwa karibu asilimia 15 hadi 20, endelea. Zinki ikionekana kwa asilimia kadhaa, simama hapo, maana hiyo ni shaba ya kisasa na mafundi wa Yue hawakuitumia. Na kipimo kizuri cha madini bado hakithibitishi umri, kwa kuwa mtu anaweza kuyeyusha vipande vya bronzi ya kale akamimina upya. Ndiyo maana karatasi za uchimbaji zinatangulia.

Namna ya kuandika jibu

Andika kwa sentensi nne, kila swali lake. Kwa Goujian: mfalme ndiyo, ufundi ndiyo, upanga ndiyo, jina la hadithi hapana. Kwa Yuchang: mfalme ndiyo, ufundi ndiyo, silaha yenyewe haijapatikana, jina ni la kale lakini limeunganishwa baadaye. Kwa Zhanlu, ambayo inasemekana ilimkimbia Helü kwa ukatili wake ikaenda yenyewe kwa mfalme wa Chu: mfalme ndiyo, ufundi ndiyo, mengine hapana. Kwa Xuanyuan: hapana mpaka mwisho.

Acha nafasi wazi mbele ya Helü. Mapokeo yanasema alizikwa kilima cha Huqiu, Suzhou, na panga 3000 pamoja naye, Yuchang ikiwa mojawapo. Kilimani hapo kuna Bwawa la Panga. Mwaka 1955 maji yalipotolewa, mlango wa kuingia mwambani ulionekana. Haukufunguliwa, kwa sababu juu yake umesimama mnara wa karne ya 10 ambao tayari umeinama, na kuchimba chini yake kungeuangusha.